Upinde Kwenye Uwanja wa Omena

Ufuo wa Sori una sehemu moja tu iliyo tambarare. Inaanzia pale mashua zinapovutwa nchi kavu, inafuata maji kwa hatua kama sitini, halafu mawe yanaanza. Changarawe yake ni ndogo, haishiki maji, na jua huifikia mapema kwa sababu upande wa mashariki hakuna mti wala jengo. Wanawake wanaokausha omena, wale dagaa wadogo wa ziwani, waligawana sehemu hiyo tangu zamani, kila mmoja na ukanda wake, bila kigingi wala ua, na kila mmoja anajua ukanda wa mwenzake unapoishia. Wa dada yangu mkubwa ni wa tatu kutoka kwenye mashua. Aliachiwa na mama mkwe wake. Ukanda huo ndio uliosomesha watoto wake wanne, na kabla yao ulinisomesha mimi.

Ninaanza na maelezo haya kwa sababu waliokuja na upinde hawakuyauliza.

Mwenye upinde alikuwa mtu wa kwetu, mzaliwa wa Migori mjini, aliyekaa Japani miaka kadhaa akifanya kazi katika kiwanda cha vipuri vya magari. Wengine wakirudi kutoka huko huja na gari kuukuu. Yeye alirudi na upinde mrefu kuliko kimo chake, mkoba wa mishale, na sauti ya chini ambayo mama yake mwenyewe alisema hakuondoka nayo. Alikuwa amesomea kyudo, yaani njia ya upinde. Alisema si mchezo wala si vita. Ni namna ya kutuliza moyo ukiwa umesimama. Alitafuta pa kufundishia Migori mjini akakosa, maana Migori mjini hapana mahali penye kimya, hata makaburini kuna kipaza sauti. Akaja ziwani.

Mwanzoni aliiomba kamati ya ufuo siku moja tu kwa wiki, Jumamosi. Alichagua vizuri. Zaidi ya nusu ya wanawake wanaoanika pale ni Wasabato, dada yangu akiwemo, na siku hiyo kanda zao huwa tupu. Hakuna aliyelalamika. Baada ya muda wakaja wageni kutoka Nairobi waliotaka kutulia katikati ya wiki, kamati ikaongeza Jumatano. Kisha akahitaji tuta la mchanga la kuzuia mishale, na tuta halihamishwi kila jioni, kwa hiyo likabaki. Tuta likahitaji paa la mabati ili mvua isilibomoe. Wanafunzi nao wakahitaji kibanda upande wao, wasinyeshewe. Mwishowe ikazungushwa kamba ya nailoni, na katibu wa kamati akawaambia wanawake wa kanda nne za kwanza wahamie kwenye mawe kwa muda. Nimeripoti habari za kaunti miaka ya kutosha kujua "kwa muda" ni muda gani.

Dada alinipigia simu Homa Bay, ninakoishi tangu niache uandishi wa gazeti.

"Nyamera," alisema, ndivyo tunavyoitana dada kwa dada, "wewe si ulikuwa unaandika watu gazetini? Njoo uandike hawa."

"Wamefanya nini?"

"Wamenitoa kwenye ukanda wa mama mkwe. Na ukiwauliza, wanakuinamia."

"Wanakuinamia vipi?"

"Unamwambia mtu, nipe njia nipite na beseni. Anaweka mikono mapajani, anakuinamia. Halafu hakupi njia."

Nilikwenda. Nilimwambia dada jambo ambalo wahariri waliniambia nikiwa msichana: malalamiko bila ushahidi ni kelele. Kamati ilikuwa inakaribia kumpa mtu wa upinde mkataba wa miaka mitano. Tulihitaji karatasi inayoonyesha nani anatumia uwanja, siku gani, saa ngapi, na mishale inaangukia wapi. Watazamaji hawakuruhusiwa kuvuka kamba wala kuuliza maswali, kwa hiyo nikajiandikisha kama mwanafunzi. Dada alicheka hadi akashika mbavu. Akanipa chumba cha binti yake aliyeolewa, nami nikanunua daftari jipya dukani.

Wanafunzi wenzangu walikuwa wanne. Mmoja alikuwa afisa wa ardhi kutoka Migori, mtu ambaye ofisini kwake faili hutulia kuliko mahali popote duniani, na bado alisema anatafuta utulivu. Wa pili alikuwa mchungaji asiye na kanisa. Wa tatu alikuwa mama wa shirika fulani, aliyesema kila tendo ni safari. Kufunga kamba ya glavu ni safari, kukohoa ni safari. Wa nne alikuwa mzee wa Kikuria, mchinjaji aliyestaafu, aliyekuja kwa sababu alisikia neno upinde. Alidumu asubuhi moja. Alipoambiwa kwamba tutakaa wiki sita bila kurusha kwenye shabaha, alimtazama mwenye upinde, ambaye sasa tulimwita Mwalimu, kwa huruma.

"Kwetu," alisema, "mtu akikaa na upinde wiki sita bila kurusha, ng'ombe walioibwa wameshafika ng'ambo."

Akapanda pikipiki akaenda zake. Ndiye pekee katika kundi lile ambaye sina neno baya juu yake.

Masomo yalikwenda hivi. Tulivaa soksi nyeupe, kwenye ufuo wa omena, na tuliambiwa zisichafuke. Tuliingia kwa mguu wa kushoto. Tuliinamia tuta, tukainamia upinde, tukainamiana. Kurusha mshale mmoja kuna hatua nane, na kila hatua ina pumzi zake: unapanga miguu, unanyoosha kiwiliwili, unaushika upinde, unaunyanyua juu ya kichwa, unaufungua huku ukiushusha mpaka mshale unafika usawa wa shavu, unangoja, unaachia, unabaki umesimama mikono ikiwa wazi kama mtu aliyeangusha trei. Mkono wa kulia huvaa glavu ya ngozi yenye kidole gumba kigumu kama kwato, inayofungwa kwenye kifundo cha mkono kwa kamba ndefu. Wiki sita tulirusha kwenye robota la mafunjo lililosimamishwa hatua mbili tu mbele yetu. Hatua mbili. Mbuzi angelipata.

Nilimuuliza Mwalimu maswali ya kazi yangu.

"Mtu akikosa shabaha?"

"Hakuna kukosa, mama. Shabaha ni wewe mwenyewe."

"Na mshale ukipita juu ya tuta?"

Alifumba macho kidogo. "Mshale haujapita. Wewe ndiye umepita."

Mama wa shirika alivuta pumzi kama aliyepewa maji baridi. Mimi niliandika jibu hilo kwenye daftari pamoja na tarehe, kisha nikaenda nyuma ya tuta na kukuta mishale mitatu imechomeka kwenye njia wanayopita wanawake kwenda kwenye mawe. Nikaandika hilo pia.

Mwalimu mwenyewe alirusha mishale miwili kila siku, mbele yetu, shabaha ikiwa imewekwa mbali kwa kipimo cha huko Japani, kama hatua arobaini. Shabaha ni karatasi yenye duara nyeusi na nyeupe, si kubwa kuliko sinia la chai. Aliikosa mara nyingi kuliko alivyoipata. Alipoikosa alibaki amesimama, uso mtulivu, nasi tukafundishwa kuustaajabia utulivu huo. Alipoipata, pembe za mdomo wake zilicheza kidogo, kama za mtu yeyote. Nilifikia uamuzi kwamba falsafa nzima ilitungwa na mtu asiyejua kulenga, ikasafirishwa kwa meli, ikafika Sori ikapata wateja.

Kulikuwa pia na habari ya korongo. Mchanga wa tuta ulikuwa umechotwa pale pale kwenye kanda za wanawake, na mchanga huo umekula omena miaka na miaka. Jua likiuwasha, harufu inaamka. Kila asubuhi wale korongo wakubwa wenye upara walishuka wakajipanga kando ya shabaha kama wazee wa baraza, wakichokoa tuta kwa midomo. Mtu yeyote wa ufuo angewaambia kwamba tuta la mchanga ule ni meza iliyoandaliwa. Hawakumuuliza mtu wa ufuo. Mwalimu alisema korongo ni sehemu ya mazoezi. Afisa wa ardhi aliinamia korongo.

Hapa sina budi kusema jambo ambalo halikuwa kwenye daftari.

Katika wiki ya tano, asubuhi moja yenye upepo mdogo, nilikuwa nimeufungua upinde mbele ya robota, nikingoja kama tulivyofundishwa, nikiwaza chai. Uzi ukaondoka wenyewe. Sikuuachia, uliondoka, kama tone linavyoondoka kwenye ukingo wa bati. Ukatoa sauti moja safi ambayo sikuwahi kuisikia kutoka kwenye mikono yangu, na upinde ukazunguka ndani ya kiganja changu cha kushoto ukatulia. Mwalimu alisikia akiwa ameupa mgongo uwanja. Aliinua kidole kimoja tu.

Nilikuwa na miaka hamsini na sita na niliona fahari kama msichana aliyetajwa kwa jina darasani. Kuanzia siku ile sikuwa mpelelezi. Nilikuwa mwanafunzi mwenye daftari. Niliendelea kuwadharau wenzangu, na labda niliwadharau zaidi, kwa sababu sasa walikuwa wanarusha vibaya.

Ripoti ilikamilika wiki ya saba: kurasa kumi na moja, zenye vichwa vidogo na mchoro wa uwanja. Kamati ilikuwa na kikao Alhamisi, na malalamiko yaliyoandikwa yalipaswa kumfikia katibu kabla ya hapo. Jumatatu ya wiki hiyo Mwalimu alinivuta kando akaniambia kwamba kutakuwa na siku ya maonyesho mbele ya kamati. Yeye atarusha kwanza, kisha mimi. Ungekuwa mshale wangu wa kwanza kwenye shabaha ya kweli. Nilijua kwamba karatasi zile zikifika mezani, hakutakuwa na maonyesho.

Jioni dada alikuwa anachambua mboga.

"Nyamera, karatasi iko tayari?"

"Bado kidogo," nilisema. "Kuna mambo ya kuhakikisha."

"Hakikisha," alisema. "Wewe ndiye unajua."

Jumatano ya wiki hiyo mvua ilitoka ziwani bila kuuliza mtu. Kwenye ukanda wake wa zamani, mvua ikionekana kwa mbali, dada hukunja wavu kwa ncha nne na omena ikawa salama bandani kabla tone la kwanza halijaanguka. Ni hatua kumi tu. Kwenye mawe hakuna kukunja. Omena huwa imeshikana na jiwe, lazima ibanduliwe kwa mkono, na jua lenyewe hufika huko saa nne, kwa hiyo mpaka adhuhuri bado ni mbichi. Nilikuwa chini ya kibanda, glavu mkononi, upinde juu ya kichwa, katika hatua ya nne. Nilimwona dada juu ya mawe akiwa amepiga magoti, anakwangua kwa mikono miwili, maji yakiteremka katikati ya vidole vyake yakiwa na rangi ya fedha. Kutoka nilipokuwa hadi kwake si mbali. Ningeweza kutupa upinde nikakimbia.

Nilishusha pumzi, nikaingia hatua ya tano.

Omena ile ilinuka kufikia kesho yake, na mtu wa chakula cha kuku akaichukua. Dada aliniuliza tu, akijifuta mikono, "Uliniona jana kwenye mvua?"

"Sikukuona," nilisema. "Kibanda kinaziba."

Siku hiyo ndiyo iliyokuwa Alhamisi. Kikao kikapita. Malalamiko hayakuwepo, kwa hiyo kamati ikaamua kwamba itakuja kutazama maonyesho kisha itie sahihi. Siku ikapangwa Jumamosi. Katibu alisema hivyo akicheka: Jumamosi uwanja hauna kelele, wenye kelele wako kanisani.

Ni kosa ambalo wangelifanya wao tu. Walidhani mtu anayepumzika hayupo.

Jumamosi ilifika na viti vya plastiki, hema la kukodi, na mwenyekiti wa kamati, mzee Mkatoliki tunayemwita Jaduong' kwa heshima ya umri na ya cheo. Wanawake Wakatoliki, ambao hawana zuio siku hiyo, walikuwa wamesimama nje ya kamba na mabeseni yao, wakingoja kuona tamasha hili litakwisha saa ngapi. Sisi wanafunzi tulijipanga katika soksi zetu. Mwalimu alivaa sketi pana nyeusi ya Kijapani, na kutoka kwa wanawake nilisikia mtu akiuliza aliyemshonea ni fundi gani.

Saa nne na nusu dada yangu alitokea. Alikuwa amevaa gauni lake la kanisani la bluu na kitambaa cheupe kichwani, Biblia kwapani, na begani wavu mkuukuu uliokunjwa. Aliinama akapita chini ya kamba. Akatembea hadi ukanda wa tatu, ambao sasa ulikuwa katikati ya wanaorusha na tuta, akautandika wavu kama mkeka, akaketi juu yake na miguu kainyoosha. Alikuwa hatua mbili tu kushoto kwa njia ya mshale. Ubavu wake mmoja ulitazama kwetu, mwingine ulitazama shabaha, uso ukaelekea ziwani.

Katibu alimkimbilia. "Mama, leo ni Jumamosi!"

"Najua. Ndiyo maana huoni samaki hapa."

"Sasa umekuja kufanya nini?"

"Kupumzika. Amri ya nne imenikataza kufanya kazi. Haijanichagulia pa kukaa."

Wanawake walipiga makofi. "Mwambie, mama! Msomee na mstari!"

"Toka, tafadhali. Kuna mishale."

"Mwalimu wenu si anasema shabaha haina maana?" Dada hakuinua sauti. "Basi na mimi sina maana. Mwache arushe."

Katibu alimgeukia mwenyekiti. Jaduong' alikuwa anahesabu moyoni, na nilijua anahesabu nini: kura za ufuo, na ni ngapi kati ya hizo husali Jumamosi.

"Mimi siwezi kumtoa mtu kwenye Sabato yake," alisema. "Lakini njia si iko wazi? Mwalimu, mshale unapita hapa, mama yuko pale. Rusha hiyo miwili tumalize."

"Ni hatua mbili nzima," afisa wa ardhi aliongeza, kwa sauti ya mtu aliyezoea kupima viwanja vya wengine.

Mwalimu aliinama. Akaingia kwa mguu wa kushoto. Akapanga miguu, akanyoosha kiwiliwili, akaushika upinde, akaunyanyua, akaufungua. Nilimtazama kama nilivyomtazama siku zote, nikingoja kitu cha kuandika. Mshale ulifika usawa wa shavu. Kungoja huku huchukua pumzi mbili, tatu. Alipitisha tatu. Alipitisha tano. Mkono wa kushoto ulianza kutetemeka, kisha bega, na jasho likamtoka chini ya sikio. Korongo mmoja alimsogelea dada. Dada akamtikisia kitambaa bila kugeuka, akafungua Biblia. Mwalimu alikuwa ametufundisha kwamba mshale uliofunguliwa haurudishwi, kwamba kuurudisha ni aibu kuliko kukosa.

Akaurudisha. Polepole, hatua kwa hatua, kama mtu anayeshusha mtoto aliyelala.

"Siwezi," alisema.

"Kwa nini?" mwenyekiti aliuliza.

"Sijui utakwenda wapi."

Sauti ya chini ilikuwa imekwisha. Alisema kwa sauti yake ya Migori.

"Miezi yote hii si umekuwa ukirusha hapa?"

"Nimekuwa nikirusha, Jaduong'."

"Na hukujua unakwenda wapi?"

"Sikujua."

Mama wa shirika alianza kulia taratibu. Nadhani ilikuwa safari. Mimi nimemdharau mtu yule kwa kila alichokisema tangu siku ya kwanza, na bado ninamdharau kwa mengi, lakini maneno hayo mawili, "siwezi" na "sikujua", nimeyaweka peke yake.

Hapo dada aligeuka. Alitaka kuona ni nani wengine waliosimama kwenye mstari, na macho yake yakanifikia mimi. Mimi niliyekuja kuwaandika. Nilikuwa wa pili, soksi nyeupe, glavu imefungwa, mishale yangu miwili mkononi. Alinitazama kutoka miguuni hadi kichwani.

"To in?" aliniuliza kwa lugha yetu. Na wewe?

Nayaandika yaliyonijia kwa mpangilio yalivyokuja. Jambo la kwanza lililonijia ni kwamba mimi ningeweza. Mkono wangu haukuwa unatetemeka, na hatua mbili zilitosha. Niliuona mshale ukipita kando ya bega lake la bluu, nikausikia uzi ukitoa ile sauti. La pili, lililokuja baadaye kuliko lilivyopaswa, ni kwamba huyu ni dada yangu.

Hatukuruhusiwa kuvua glavu tukiwa wima. Inavuliwa kwa kupiga magoti, kamba inakunjwa kwa mpangilio. Niliivua nikiwa nimesimama. Kamba ni ndefu, na fundo nilikuwa nimelikaza vizuri, kwa bidii ya mwanafunzi hodari, kwa hiyo ilinichukua muda wa aibu kuifungua huku kamati yote ikinitazama. Niliiweka kwenye kiti cha plastiki. Nikatoka kwenye mstari nikaenda kusimama karibu na wavu.

Kamati haikutia sahihi. Jaduong' alisema uwanja usiojulikana mshale wake unakoangukia si uwanja wa mkataba, akataka kamba itolewe siku hiyo hiyo. Dada aliinuka, akakung'uta gauni.

"Wavu uache hapo hapo," aliniambia. "Nimechelewa mahubiri."

Akaenda. Hakunikaribisha, na sikumfuata.

Mwalimu alipata mahali kwenye kisiwa cha Takawiri, kwenye nyumba ya wageni ambayo wateja wake hupenda kutulia. Alinitumia picha kwa simu, nadhani aliwatumia wote. Nyuma ya shabaha hapana tuta wala njia, ni ziwa tupu. Kwa hiyo sasa anajua mishale inakwenda wapi: inakwenda majini, kwa gharama ya wageni, na wageni wanaona ni mafundisho. Afisa wa ardhi bado humfuata huko kila mwezi. Ripoti yangu bado iko mkobani, kurasa kumi na moja, na mchoro. Hakuna aliyewahi kuiomba.

Lakini Jumapili ile, kesho yake baada ya kamba kutolewa, niliamka mapema nikashuka ufuoni kabla sijaitwa. Tuta lilikuwa limeshaanza kusawazishwa kwa majembe, na robota la mafunjo lilikuwa limelazwa chini, dada ameweka beseni juu yake. Omena ilikuwa imetandazwa kwenye ukanda wa tatu kutoka ncha hadi ncha, na jua lilikuwa tayari limeifikia. Hakunisalimu. Alinionyesha upande wa kuanzia kwa kidevu.

Tuligeuza omena, yeye upande wa maji, mimi upande wa barabara, tukikutana katikati na kurudi. Ni kazi ya kuinama, na miezi miwili ya kuinama kwa adabu haikuwa imenisaidia chochote. Katika mkutano wa tatu au wa nne wa katikati, alisema bila kuinua kichwa:

"Siku ile ya mvua uliniona."

Hakuuliza.

"Nilikuona," nilisema.

Aliokota jani lililodondokea kwenye omena, akalitupa pembeni.

"Hapo kwako bado pana maji," alisema. "Rudia."

Nikarudia.